Kumuuguza mgonjwa wa saratani nyumbani: jinsi ya kumsaidia aendelee kuinuka, kukaa na kutembea

Daktari akishasema kwamba saratani haitaondoka na kwamba sasa mgonjwa ataendelea na tiba shufaa, yaani ya kumtuliza bila kuiponya saratani, nyumba nyingi hufanya jambo moja: humlaza. Anatandikiwa vizuri, analetewa chakula, maji na beseni la kunawia pale pale alipo, na kila akijaribu kuinuka anaambiwa, "Pumzika mama, sisi tupo." Wanaosema hivyo wanampenda. Lakini mwili usiotumika huishiwa nguvu upesi mno. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007 ulifuatilia wazee wenye afya njema waliokubali kulala kitandani siku 10 tu. Miguu yao ilipoteza karibu kilo moja ya nyama. Hao hawakuwa wagonjwa. Mtu mwenye saratani iliyosambaa, anayekula vijiko vichache na kusukuma sahani, hupungua zaidi, na kilichopotea mara nyingi hakirudi.

Naandika kwa ajili yenu mnaouguza nyumbani: binti aliyeacha biashara yake sokoni, mume anayejifunza kupika uzeeni, mjukuu anayelala sakafuni chumbani mwa bibi. Mazoezi hayataiponya saratani, na asiwadanganye mtu. Ila kila mgonjwa ana jambo moja au mawili ambayo bado anataka kuyafanya mwenyewe. Kuyalinda hayo, kwa muda wote ambao mwili utakubali, ni sehemu ya matibabu sawa na dawa ya maumivu.

Hatua ya kwanza: muulize anachotaka

Kabla ya kumwambia inua mguu, shusha mguu, kaa naye umuulize: "Baba, katika yale uliyokuwa ukiyafanya mwenyewe, ni lipi linalokuuma zaidi kulikosa?" Wengi watataja choo. Wengine watasema kukaa barazani asubuhi, kula pamoja na wenzao badala ya kulishwa peke yao chumbani, kuoga bila kuoshwa, au kufika kanisani walau Jumapili moja. Usilicheke jibu wala usilikuze. Mama akisema anataka kukaa mlangoni aone kuku wake wakilishwa, basi hiyo ndiyo shabaha, na kila zoezi utakalompa lielekee huko.

Kisha livunje jambo hilo vipande vipande. Kwenda choo ni kugeuka kitandani, kuketi ukingoni, kusimama, kupiga hatua hadi mlangoni, kuvuka kizingiti, kuchuchumaa, kuinuka tena na kurudi. Mwangalie anakwama wapi. Mara nyingi utakuta miguu inatembea vizuri tu, na kinachomshinda ni kuinuka kutoka kwenye kitanda kifupi. Hapo suluhisho ni matofali manne chini ya miguu ya kitanda, wala si mwezi mzima wa mazoezi.

Muulize pia nani amsaidie. Katika jamii zetu nyingi mke wa mtoto hamshiki baba mkwe mwilini, na mama mzima haoni vyema kuoshwa na mwanawe wa kiume. Wapo wagonjwa wanaokaa na haja tangu asubuhi, wakisema "sijisikii kuinuka", kumbe wanamsubiri mtu wanayeweza kuvuliwa nguo mbele yake. Jambo hili halisemwi, kwa hiyo lazima liulizwe, kwa faragha na kwa heshima.

Hatua ya pili: pima alipo leo

Hospitali nyingi hutumia kipimo kiitwacho ECOG, kilichochapishwa mwaka 1982. Huhitaji kuwa daktari kukielewa. Ngazi 0 ni mtu anayefanya yote aliyokuwa akifanya kabla ya kuugua. Ngazi 1 anatembea na kufanya kazi nyepesi, ila kazi za nguvu zimemshinda. Ngazi 2 anajihudumia mwenyewe lakini hawezi kazi, na zaidi ya nusu ya muda alio macho hajalala. Ngazi 3 anajihudumia kwa shida, na zaidi ya nusu ya muda alio macho yuko kitandani au kitini. Ngazi 4 hawezi kujihudumia hata kidogo.

Mara moja kwa wiki, andika ngazi na tarehe kwenye daftari lile lile mnaloandikia dawa. Muuguzi wa tiba shufaa akija, daftari hilo litamwambia mengi kuliko maelezo ya dakika ishirini.

Kinachotazamwa ni mwendo wa kushuka. Kushuka polepole, wiki kwa wiki, ndio mwendo wa ugonjwa wenyewe. Lakini mtu aliyetembea juzi akashindwa kukaa leo, mara nyingi amepatwa na jambo jingine juu ya saratani: malaria, maambukizi ya mkojo au ya kifua, damu kupungua, kuishiwa maji mwilini, dawa iliyozidi, au kalsiamu kupanda kwenye damu, ambayo huleta kiu kali, choo kigumu na kuchanganyikiwa. Mengi ya haya hutibika hata kwa mgonjwa ambaye saratani yake haitibiki. Nawasihi msiridhike na maneno "ugonjwa umekolea" kabla hajapimwa hata malaria.

Kuna na jambo la dawa ya deksamethazoni, ambayo wagonjwa wengi hupewa kupunguza uvimbe au kuongeza hamu ya kula. Ikitumika kwa wiki nyingi hulegeza misuli ya mapaja. Mgonjwa anatembea sawa akishasimama, ila kuinuka kitini au kupanda ngazi kumemshinda. Mwambie daktari. Usiikatishe mwenyewe, kwa sababu kuiacha ghafla kuna hatari yake.

Hatua ya tatu: zijue dalili zisizongoja kesho

Hii isomwe na kila mtu nyumbani.

Saratani za tezi dume, titi na mapafu husambaa sana kwenye mifupa, na uti wa mgongo ni mojawapo ya mahali zinapopenda kukaa. Uvimbe ukibana mishipa ya fahamu iliyomo ndani ya uti, miguu inaweza kufa kabisa. Dalili ya kwanza kwa kawaida ni maumivu ya mgongo: mapya, au yaliyobadilika, yanayozidi mtu akilala, akikohoa au akijikamua, pengine yakizunguka kifua au tumbo. Baadaye miguu inalegea, ganzi inapanda kutoka nyayoni, mkojo unagoma, au choo kinatoka bila yeye kujua. Ukiona maumivu ya namna hiyo, usingoje miguu ilegee: safari ya hospitali ni siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku na kliniki yake ni wiki ijayo. Wanaofika wakiwa bado wanatembea, wengi wao huendelea kutembea baada ya matibabu, ambayo huwa ni deksamethazoni na mionzi. Waliofika miguu ikiwa imeshakufa, wachache sana husimama tena. Kwa Tanzania mionzi hutolewa katika hospitali chache, zikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Bugando, Mwanza, lakini msisubiri kupanga safari ya huko: anzeni na hospitali iliyo karibu, dawa ianze, wao wawasiliane. Njiani mgonjwa alale chali mahali pagumu palipo sawa. Asikalishwe kwenye bajaji, na bodaboda isifikiriwe kabisa.

Dalili ya pili ni maumivu ya paja, nyonga au mkono yanayozidi pale anapokanyaga au kuegemea. Mfupa huo unaweza kuwa umeliwa na ugonjwa na uko karibu kuvunjika. Asiukanyage mpaka upigwe picha.

Ya tatu ni mguu mmoja kuvimba ghafla, ukawa na joto na maumivu kwenye misuli ya nyuma ya goti kwenda chini. Damu inaweza kuwa imeganda. Usiukande, usiuchue kwa mafuta. Pumzi ikimkatika ghafla au kifua kikimchoma pamoja na hilo, ni dharura.

Hatua ya nne: maumivu yatangulie kutulizwa

Haiwezekani kumwamsha mtu mwenye maumivu, na si haki kumjaribu. Tiba shufaa ya kisasa, ambayo hospisi yake ya kwanza, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa wasiopona, ilifunguliwa London mwaka 1967 na daktari Mwingereza, Cicely Saunders, ilijengwa juu ya wazo kwamba dawa hutolewa kwa saa, kabla maumivu hayajarudi. Morfini ya maji, ile inayochanganywa kutokana na unga, hunywewa kila baada ya saa 4. Uganda huitengeneza nchini humo humo, na hospisi iliyoanzishwa Kampala mwaka 1993 ilikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Dar es Salaam inachanganywa Ocean Road.

Kwa suala letu la kutembea, saa ndiyo muhimu. Morfini ya maji huanza kufanya kazi baada ya kama nusu saa, na nguvu yake hufika kileleni karibu na saa nzima. Kwa hiyo kuoga, mazoezi na safari ya barazani vianze kama nusu saa baada ya dozi. Mgonjwa aliyepewa dozi saa 12 asubuhi asiamshwe saa 3 na nusu aoge, dozi inapokaribia kwisha. Ikiwa kuinuka kunamuuma hata hivyo, muulize daktari kuhusu dozi ya ziada ya kunywa nusu saa kabla. Usiongeze mwenyewe.

Najua hofu iliyopo. Watu husema morfini ni dawa ya kufia, na wengine huogopa uteja. Mgonjwa wa saratani anayetumia morfini kwa kipimo alichopangiwa kwa kawaida hageuki teja, na dawa hiyo haiharakishi kifo chake. Nimeona watu waliolala majuma mazima wakiketi na kuomba chai siku chache baada ya maumivu kutulia. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine atapata kichefuchefu, kisha mwili unazoea. Kitu kisichozoeleka ni kufunga choo. Apewe dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza ya morfini, kwa sababu tumbo lililojaa huua hamu ya kula na ya kusimama vilevile.

Hatua ya tano: panga nguvu za siku

Uchovu wa saratani hauondoki kwa kulala. Ndiyo maana "pumzika" haitoshi kuwa ushauri. Mtu anaamka amechoka sawasawa na alivyolala, na akilala zaidi anachoka zaidi.

Kwa siku tatu, andika saa anazochangamka na saa anazozimika. Wengi wana saa mbili nzuri katikati ya asubuhi na nyingine moja jioni. Jambo analolithamini liwekwe humo. Kama ni kukaa barazani, basi asioge asubuhi hiyo. Aoge jioni, au apanguswe kwa kitambaa. Kuoga kwa kusimama humaliza nguvu ambazo zingemfikisha barazani na kurudi, kwa hiyo aoge ameketi kwenye stuli, maji ya uvuguvugu yakiwa karibu na mkono. Avae ameketi. Upande dhaifu utangulie kuvishwa na uwe wa mwisho kuvuliwa.

Wageni nao ni kazi. Kumwona mgonjwa ni jambo jema na hakuna anayetaka kumrudisha mtu mlangoni, lakini watu kumi waliojazana chumbani saa 4 asubuhi wamechukua saa yake nzuri. Mwenye nyumba awapokee sebuleni, waingie wawili wawili, kwa muda mfupi.

Kwa Waislamu, wengi hujilazimisha kusimama na kusujudu mpaka wanaanguka. Mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi, na asipoweza, amelala kwa ubavu au chali kwa ishara, na maji yakimdhuru ipo tayamamu, yaani kutawadha kwa udongo safi. Mwalikeni shehe au imamu wa karibu amwambie kwa kinywa chake. Maneno hayo yakitoka kwake mgonjwa huyapokea kwa amani kuliko yakitoka kwa mwanawe.

Hatua ya sita: mazoezi

Mafupi, mara nyingi. Dakika tano mara tatu kwa siku zinafaa kuliko nusu saa moja ya kumchosha. Kipimo ni pumzi: aweze kuzungumza sentensi nzima huku akifanya. Baada ya zoezi akilala saa nzima amechoka, kesho punguza nusu. Siku ya homa, ya kutapika, au ya kuumwa kuliko kawaida, acheni.

Aliye kitandani aanze na vifundo: avute vidole vya miguu kuelekea kwake, avisukume mbali, mara 10. Akaze paja kwa kukandamiza goti kwenye godoro, ahesabu hadi tano, aachie. Akunje goti, kisigino kikiteleza juu ya shuka. Akunje magoti yote mawili na kuinua makalio kidogo. Hili la mwisho ndilo analolihitaji kwa ajili ya kuwekewa chombo cha haja na kubadilishwa shuka, kwa hiyo ukipata moja tu, pata hili. Asilifanye mwenye ugonjwa kwenye uti wa mgongo bila ruhusa ya daktari.

Aliye kitini anyooshe goti moja moja, ainue mikono hadi mabegani, akanyage sakafu kisigino kisha vidole. Halafu lije zoezi ninalolithamini kuliko yote: kuinuka na kuketi. Kiti kigusane na ukuta, wewe uko pembeni. Ainuke mara tatu, apumzike, ainuke tena mara tatu. Misuli inayofanya hivyo ndiyo ile ile ya kuinuka chooni.

Anayetembea atembee, bila kungoja siku ya mazoezi. Mlangoni na kurudi, kisha hadi jikoni. Weka kiti katikati ya njia ili asihofu kuishiwa nguvu mbali na kitanda.

Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya viungo, akipatikana, hata mara moja tu, mfuateni. Wengi wako hospitali za wilaya na mikoa, na ndugu hawajui kwamba mgonjwa wa saratani naye ana haki ya kumwona. Mwombe jambo mahususi: "Tuoneshe namna ya kumtoa kitandani kwenda kitini."

Hatua ya saba: kumwinua bila kumuumiza, wala kujiumiza

Hapa ndipo watu wanapoumia zaidi, mgonjwa na anayemuuguza. Namna tuliyoizoea, kumshika makwapani na kumvuta juu, ndiyo mbaya kuliko zote. Inatoa bega mahali pake, inavunja mifupa iliyoliwa na ugonjwa, na inamfanya akaze mwili kwa hofu.

Kutoka kulala hadi kuketi: mwambie akunje magoti yote mawili. Mshike begani na nyongani, mgeuze akuelekee, bega na nyonga zikienda pamoja. Sasa amelala kwa ubavu, karibu na ukingo. Miguu ishuke kitandani huku yeye akisukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Uzito wa miguu unaposhuka humsaidia kuketi, na wewe unaongoza tu bega. Mwenye tatizo la uti wa mgongo ageuzwe na watu watatu, mwili mzima kwa mara moja kama gogo, bila kiuno kujipinda.

Akishaketi, mwache dakika mbili au tatu. Damu hushuka miguuni na kizunguzungu huja. Wanaoanguka wengi huanguka hapa, kwa sababu waliharakishwa.

Kutoka kuketi hadi kusimama: kunja kanga au kitenge kiwe mkanda mpana, ukifunge kiunoni mwake juu ya nguo, imara. Hapo ndipo utakaposhika, nyuma na pembeni. Usitumie njia hii kwa mwenye mfuko wa choo tumboni, kidonda tumboni, tumbo lililojaa maji, au ugonjwa kwenye mbavu na uti. Kwa hao mwombe muuguzi awaoneshe njia nyingine. Visigino vya mgonjwa virudi nyuma, chini ya magoti. Mikono yake isukume kitanda, isikunyonge shingo. Wewe simama upande wake dhaifu, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa, mgongo wima, goti lako likizuia goti lake lisiteleze. Mwambie ainame mbele mpaka kichwa kipite magoti, maana asiyeinama mbele hawezi kusimama, atarudi nyuma tu. Hesabuni pamoja: moja, mbili, tatu, inuka.

Kwenda kitini: kiti kiwekwe upande wake wenye nguvu, kikigusana na kitanda. Kiti cha plastiki huteleza kwenye saruji, kwa hiyo mtu mmoja akishike au kiegemee ukuta. Mgonjwa ageuke kwa hatua ndogo ndogo mpaka ahisi kiti nyuma ya miguu, ashike mikono ya kiti, ndipo aketi taratibu.

Miguu ikimlegea katikati, usishindane na uzito. Mkaribishe mwilini mwako, mteleze kwenye paja lako hadi sakafuni, ukilinda kichwa. Akiwa chini, msikimbilie kumnyanyua. Muulize panapouma, tazama kama mguu umefupika au umegeukia nje. Kama yuko salama, alale ubavu, apige magoti, ashike kiti imara mbele yake, aweke mguu mmoja wenye nguvu mbele, ainuke.

Hatua ya nane: nyumba na choo

Kitanda kiwe na urefu wa kiti, ili akiketi nyayo zikanyage na nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Godoro lililobonyea katikati liwekewe ubao chini. Ondoa mkeka na zulia njiani. Ndala za vidole zinazolegea zimeangusha wengi. Avae kiatu chenye kamba nyuma ya kisigino. Hili ni muhimu zaidi kwa aliyepewa dawa za saratani zinazoacha ganzi nyayoni, kwa sababu hahisi sakafu. Taa au tochi iwe mahali mkono unafika.

Fimbo ipimwe akiwa amesimama na mkono unaning'inia: kichwa cha fimbo kifike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono. Ishikwe upande wa mguu mzima, si wa mguu mbovu kama wengi wanavyodhani. Mwisho wake uvalishwe mpira usioteleza.

Choo cha kuchuchumaa ndicho kinachowafunga wengi kitandani. Seremala anaweza kutoboa kiti cha mbao au kuimarisha kiti cha plastiki kilichotobolewa, kikawekwa juu ya tundu la choo. Mchana kinatumika huko, usiku kinaletwa chumbani na ndoo yenye mfuniko chini yake. Ukutani pigilieni mti au bomba la kushika, kwa misumari au boliti zinazobeba uzito wa mtu mzima. Chumbani, pazia la kanga mbili linatosha kumrudishia faragha.

Pumzi fupi na miguu iliyovimba

Anayeishiwa pumzi akitembea asimame, aegemee mbele juu ya meza au ukuta, mabega yalegee, atoe pumzi taratibu kupitia midomo iliyobanwa. Mpepee usoni kwa upepeo, kwenye mashavu na pua. Upepo huo hutuliza hisia ya kukosa pumzi, na hospisi za nchi nyingi hutumia feni ndogo za mkononi kwa kazi hiyo hiyo.

Saratani ya shingo ya kizazi, na ile iitwayo Kaposi, inayoshika ngozi na mishipa, huvimbisha sana miguu. Mguu mzito hauinuki. Uinuliwe juu ya mito wakati wa kulala, vifundo vichezeshwe, ngozi ipakwe mafuta kila siku, mikwaruzo na vidonda kati ya vidole vitazamwe. Kabla ya kufunga bandeji, muuguzi ahakikishe kwanza kwamba damu haijaganda.

Asipotoka tena kitandani

Siku hiyo itafika, na si kwamba mlishindwa. Shabaha inabadilika: viungo visikakamae, ngozi isioze, na aendelee kuona mlango.

Mgeuze kila baada ya saa 2, mchana na usiku, mkipokezana. Asilale ubavu kabisa juu ya mfupa wa nyonga. Aegeme nusu, mto au kanga zilizokunjwa zikiwa nyuma ya mgongo. Mto mwingine uwe kati ya magoti. Chini ya miguu weka nguo iliyokunjwa ili visigino vielee, visiguse godoro. Akitaka kusogezwa juu, watu wawili washike shuka iliyokunjwa chini yake na kuinua. Kumburura ndiko kunakochuna ngozi. Duara la nguo au mpira la kukalia lisitumike, linabana damu pembeni yake.

Kila akigeuzwa tazama kifandugu, nyonga, visigino, viwiko na nyuma ya masikio. Vitabu vingi huandika kwamba kidonda huanza na wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani. Gusa: pana joto au ubaridi kuliko pembeni, pamekuwa pagumu au palaini mno, pameiva rangi nyeusi zaidi, au anasema panauma. Paondolewe uzito mara moja, wala pasisuguliwe. Mkojo na jasho vikaushwe mapema.

Mara mbili kwa siku, baada ya dawa, kunjua na kukunja kila kiungo chake polepole mara tano: vidole, kiwiko, bega, goti, kifundo. Simama pale uso unapokunjamana. Mgeuzieni kitanda awaone wanaopita.

Siku za mwisho

Akilala karibu muda wote, hali chakula, hanywi zaidi ya tone, pumzi ikibadilika, mazoezi yakome. Kugeuza nako kupungue: kama kunamliza, saa 4 au zaidi zinatosha, na dozi itangulie. Wageuzaji wawe wawili, mikono yenye joto, na aambiwe kila kinachofanywa hata kama hajibu: "Baba, tunakugeuza upande wa dirisha." Asipoweza kumeza, pigeni simu kwa timu ya tiba shufaa kabla ya dozi inayofuata. Morfini isikatishwe kwa sababu tu amelala.

Yote yakishakwisha, morfini iliyobaki irudishwe hospitali ilikotoka, na kiti cha magurudumu kilichoazimwa hospisi kisafishwe na kurudishwa wiki hiyo hiyo. Karibu kila mara kuna mgonjwa anayekisubiri.